Chuma Kinachorudi na Chuma Kisichorudi: Jinsi Kompyuta Inavyoelezwa Tabia ya Maada

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili jambo ambalo kwa kawaida husomwa na wahandisi kwa Kiingereza tu, yaani ni kwa vipi programu za kompyuta zinazokokotoa mikazo katika daraja, tangi au jengo hupewa habari za maada ambayo tabia yake haifuati mstari mnyoofu. Msomaji wa jarida la lugha huenda akauliza jambo hili latuhusu nini. Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kompyuta haikijui chuma wala zege. Inachokijua ni kauli iliyoandikwa na mtu kuhusu chuma na zege, na kauli ni kazi ya lugha hata ikiandikwa kwa tarakimu. Pili, katika Kenya yetu yule afanyaye hesabu na yule akunjaye nondo aghalabu hawakufunzwa kwa lugha moja. Mhandisi amesomea kazi yake kwa Kiingereza, fundi huelezana na wenzake kwa Kiswahili, na baina yao hupotea tofauti moja ambayo ndiyo kiini cha maelezo yetu: tofauti kati ya kitu kinachovutwa kikarudi na kitu kinachovutwa kisirudi.

Hatuna budi kuanza na maneno. Mkazo ni nguvu inayoangukia kila milimita mraba ya kitu. Nondo yenye eneo la milimita mraba 100 ikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 10,000, mkazo wake ni nyutoni 100 kwa milimita mraba. Mvutiko ni kiasi ambacho kitu kimerefuka kikilinganishwa na urefu wake wa asili; fimbo ya mita moja ikirefuka kwa milimita moja, mvutiko wake ni 0.001. Kitu kikibanwa badala ya kuvutwa, vipimo ni vile vile ila huandikwa kwa alama ya kutoa. Ugumu, katika makala haya, ni mkazo unaohitajika ili kuleta mvutiko fulani: kadiri mkazo unavyotakiwa kuwa mkubwa kwa mvutiko ule ule, ndivyo maada ilivyo ngumu.

Kwa zile hali mbili, ya kurudi na ya kutorudi, njia nyepesi ingekuwa kutohoa maneno ya Kiingereza tukasema elastiki na plastiki. Lakini maneno hayo yamekwisha kuingia sokoni na kupewa kazi nyingine. Elastiki kwa mwananchi ni ule utepe wa mpira ulio kiunoni mwa suruali ya mtoto, ambao huvutika hadi ukakaribia mara mbili ya urefu wake. Ilhali chuma cha ujenzi, kikiwa katika hali hiyo hiyo, hakivutiki zaidi ya milimita chache katika mita nzima. Plastiki nayo ni ndoo na sahani. Mwanafunzi akiambiwa kwamba boriti ya chuma imeingia katika hali ya plastiki, ana haki ya kushangaa ni uchawi gani huo. Kiswahili kinayo mashina yake yanayofaa zaidi. Kinachonyumbuka hupinda au huvutika kisha kikarudi; hali hiyo tutaiita unyumbufu. Kufinyanga ni kazi ya mfinyanzi, ambaye udongo wake huchukua umbo la kidole na kubaki nalo. Hali hiyo ya pili tutaiita ufinyangikaji. Kitenzi nyambua nacho kingeweza kutumika kwa jambo la kuvuta, ila wanasarufi wamekwisha kukichukua kwa ajili ya mnyambuliko wa vitenzi, na haifai kuwapokonya.

Kauli ya kwanza kuhusu unyumbufu iliandikwa na Mwingereza Robert Hooke, aliyeichapisha mwaka 1678: kiasi cha kurefuka huwa na uwiano na nguvu inayovuta. Nguvu ikiwa mara mbili, kurefuka nako ni mara mbili. Ukichora mkazo dhidi ya mvutiko kwenye grafu utapata mstari mnyoofu, na mwinamo wa mstari huo ndio ugumu wa maada. Kwa chuma cha ujenzi ugumu huo ni takriban nyutoni 200,000 kwa milimita mraba. Kauli hii ni fupi, ni rahisi kuikokotoa, na kwa sehemu kubwa ya kazi za kila siku ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba haisemi inakoma wapi.

Fundi anayekunja nondo mezani pake anajua inakokoma, ijapokuwa hakusoma grafu. Anapotaka pembe ya nyuzi tisini, huizidisha kidogo, kwa sababu anajua kwamba akiiachia nondo itarudi kidogo. Katika tendo hilo moja zimo hali zote mbili: sehemu iliyorudi ni unyumbufu, sehemu iliyobaki imekunjwa ni ufinyangikaji. Laiti chuma kingefuata kauli ya Hooke peke yake, nondo ingenyooka tena kila inapoachiwa, na hakuna pete ya nguzo ambayo ingeweza kutengenezwa.

Tutie tarakimu. Tuchukue chuma ambacho mkazo wake wa kulegea, yaani kiwango ambapo mstari mnyoofu unakatika, ni nyutoni 250 kwa milimita mraba. Kugawa 250 kwa 200,000 kunatupa mvutiko wa 0.00125, maana yake, nondo ya mita moja inaweza kuvutwa kwa milimita moja na robo tu ikarudi salama. Tuivute sasa kwa milimita 10. Kompyuta iliyoambiwa kauli ya Hooke pekee itatoa jibu bila kusita: mkazo ni nyutoni 2,000 kwa milimita mraba. Jibu hilo ni mara nane ya kiwango ambacho chuma hicho huanza kulegea. Tukiieleza kwamba baada ya kulegea ugumu hushuka hadi, tuseme, nyutoni 2,000 kwa milimita mraba (sehemu ya mia ya ule wa mwanzo), mkazo utakuwa 267.5 tu. Na nondo ikiachiwa, itarudi kwa milimita 1.34 na kubaki imerefuka kwa milimita 8.66. Hesabu ya kwanza imekosea nguvu, na imekosea umbo pia, kwa kuwa inadai kwamba nondo itarudi yote.

Hapa ndipo tunapoona kwamba chuma kina historia. Katika unyumbufu, ukijua mvutiko wa sasa unajua mkazo wa sasa. Katika ufinyangikaji sivyo. Nondo mbili zinaweza kuwa na urefu ule ule hivi sasa, na moja ikawa inavutwa ilhali nyingine inabanwa, kwa kuwa ya pili ilikwisha kurefushwa kupita kiasi kisha ikasukumwa irudi. Hivyo kauli inayopewa kompyuta sharti iwe na kumbukumbu. Programu huweka akiba ya habari hizo ndani ya kila kipande cha umbo, katika vituo vichache vilivyochaguliwa: mahali hapa pamefinyangika kwa kiasi gani mpaka sasa, na kwa kuelekea wapi.

Nimetaja kipande, na haina budi kuelezwa. Mbinu inayotumiwa na programu hizi ni ya kuligawa umbo kubwa katika vipande vidogo vilivyoungana kwenye vifundo, mfano wa wavu wa mvuvi. Mwanahisabati Richard Courant aliieleza fikra ya namna hiyo mwaka 1943. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha makala yao mashuhuri kuhusu ugumu wa miundo kama ile ya ndege. Na mwaka 1960 Clough aliipa mbinu hiyo jina inalojulikana nalo hadi leo. Kazi ya kompyuta ni kutafuta kila kifundo kimesogea kiasi gani. Kutokana na kusogea kwa vifundo hupatikana mvutiko wa kila kipande. Kutokana na mvutiko hupatikana mkazo. Kutokana na mkazo hupatikana nguvu zinazorudi kwenye vifundo. Na nguvu hizo sharti zilingane na mzigo uliowekwa. Katika mlolongo huo wote, hatua moja tu ndiyo inayohusu maada, nayo ni ile ya kutoka mvutiko kwenda mkazo. Nyingine zote ni jiometri na mizani ya nguvu, na hazibadiliki iwe ni chuma, ni udongo au ni mpira.

Maadam kauli ya maada ni mstari mnyoofu, milinganyo yote hutatuliwa kwa mara moja. Ikiwa si mnyoofu, kompyuta hujikuta katika hali ya mtu anayetafuta mlango gizani: ugumu anaouhitaji ili apate jibu unategemea jibu lenyewe. Ufumbuzi wake ni wa zamani, nao hubeba majina ya Newton na Raphson. Hukisiwa, hupimwa kosa, hurekebishwa, hukisiwa tena. Mfano mdogo utaeleza zaidi kuliko maneno mengi.

Fikiria nondo mbili za urefu wa mita moja, zimening'inizwa sambamba, kila moja ina eneo la milimita mraba 100, na chini yake zimeunganishwa kwa ubao mgumu unaozilazimisha kurefuka sawasawa. Ya kwanza hulegea kwa mkazo wa 250 na baada ya hapo haiongezi nguvu hata kidogo. Ya pili ni ya chuma bora na hailegei mpaka 500. Tunaweka mzigo wa nyutoni 60,000. Kwa kuanzia, kompyuta huzichukulia zote mbili kuwa zinanyumbuka. Ugumu wa jozi nzima ni nyutoni 40,000 kwa kila milimita ya kurefuka, kwa hiyo makisio ya kwanza ni milimita 1.5, kila nondo ikibeba 30,000. Hapo kauli ya maada huulizwa. Hujibu kwamba nondo ya kwanza haiwezi kubeba 30,000. Mwisho wake ni 25,000. Zote pamoja zinabeba 55,000, na mzigo wa nyutoni 5,000 hauna mbebaji. Kompyuta huangalia ni nani bado ana nguvu za kuongeza, huona ni nondo ya pili tu, na ugumu uliobaki ni 20,000 kwa milimita. Kugawa 5,000 kwa 20,000 kunaongeza milimita 0.25. Sasa kurefuka ni milimita 1.75, nondo ya kwanza inabeba 25,000 na ya pili 35,000, jumla ni 60,000 kamili. Hesabu imetulia.

Kuna mambo matatu katika mfano huu ambayo yanafaa kutazamwa kwa utulivu. La kwanza ni kwamba nondo dhaifu haikukatika; ilifika mwisho wa uwezo wake na mzigo uliozidi ukahamia kwa mwenzake, kama mahamali wawili ambao mmoja akichoka mwingine hujitwisha zaidi. Miundo mingi ya chuma husalimika kwa tabia hii, na mhandisi anayetumia kauli ya mstari mnyoofu hawezi kuiona. La pili ni mwendo wa hesabu. Kama kompyuta ingeendelea kutumia ugumu wa zamani wa 40,000 badala ya ule wa sasa, nyongeza yake ya kwanza ingekuwa milimita 0.125, ikabaki nusu ya kosa, kisha robo, kisha thumuni, na hivyo ikatambaa kulielekea jibu. Kwa hiyo programu nzuri hujitahidi kukokotoa ugumu wa pale pale ilipo, ambao kwenye grafu ni mwinamo wa tanjenti. Mwaka 1985 Simo na Taylor walionyesha kwamba tanjenti hiyo sharti iafikiane na hatua zenyewe za kukokotoa, wala si na nadharia tu. Makala yao yaliharakisha hesabu za namna hii kupita kiasi. La tatu ndilo la ajabu. Tukiondoa mzigo wote, kila nondo hupoteza nyutoni 30,000, kwa kuwa kurudi ni kwa unyumbufu. Ya kwanza iliyokuwa na 25,000 hubaki na 5,000 za kubanwa. Ya pili iliyokuwa na 35,000 hubaki na 5,000 za kuvutwa. Na ubao hubaki chini ya pale ulipokuwa mwanzo kwa milimita 0.25. Hakuna mzigo, na bado kuna mikazo ndani. Mikazo ya namna hiyo imo katika kila kiungo kilichochomelewa na kila nondo iliyokunjwa baridi, na mtu anayekitazama chuma kwa macho hawezi kuiona.

Nondo huvutwa upande mmoja, lakini sehemu ya ndani ya daraja au tangi hukazwa pande zote kwa wakati mmoja. Je, tutajuaje kama imelegea? Mfaransa Tresca alitoa jibu mwaka 1864, na Richard von Mises akatoa jingine mwaka 1913, ambalo ndilo linalotumiwa zaidi na programu za leo kwa vyuma. Wazo lao ni kwamba chuma hulegea kwa sababu ya tofauti baina ya mikazo ya pande mbalimbali, wala si kwa sababu ya ukubwa wake. Kipande kizima cha chuma kikizama katika kilindi cha bahari, maji hukibana sawasawa pande zote, nacho hakifinyangiki hata kidogo. Mchanga, mawe na zege haviko hivyo: ukivibana kwanza pande zote huwa na nguvu zaidi dhidi ya kuteleza, na kwa ajili yake Drucker na Prager walipendekeza kauli nyingine mwaka 1952. Anayechagua kauli ya chuma kwa ajili ya udongo wa msingi hataonywa na programu. Itakokotoa tu.

Baada ya kulegea, chuma kingi hukakamaa, yaani huhitaji mkazo zaidi ili kiendelee kufinyangika. Swali ni je, kukakamaa huko kwa kuvutwa kunakifanya kiwe kikakamavu pia kikibanwa? Mjerumani Johann Bauschinger alionyesha katika karne ya 19 kwamba mara nyingi ni kinyume: chuma kilichovutwa kupita kikomo hulegea mapema kikigeuzwa na kubanwa. Kwa mzigo unaowekwa mara moja na kukaa, jambo hili halina uzito. Kwa tetemeko la ardhi, ambalo huvuta na kubana kwa zamu, kauli inayolipuuza huweza kukipa chuma nguvu ambazo hakina.

Yafaa kutaja hapa kosa moja dogo la uingizaji wa data, kwa kuwa ni dogo kwa sura tu. Maabara hupima mkazo kwa kugawa nguvu kwa eneo la awali la nondo, ilhali nondo inapovutwa huwa nyembamba. Programu nyingi hutaka mkazo halisi, uliogawanywa kwa eneo la wakati ule, pamoja na mvutiko unaopatikana kwa logi. Maabara ikisema mkazo ni 400 wakati mvutiko ni 0.20, mkazo halisi ni 480 na mvutiko wa logi ni 0.182. Anayenakili karatasi ya maabara kama ilivyo amekipunguzia chuma nguvu zake kwa sehemu moja katika sita, na hakuna alama nyekundu itakayotokea. Tena programu kadhaa hutaka mvutiko wa ufinyangikaji peke yake, baada ya kuondoa ile sehemu inayorudi. Nani atakayeiondoa ikiwa hakuwahi kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba ziko sehemu mbili?

Zege ni mtihani mkubwa zaidi kuliko chuma, na ndilo linalojenga miji yetu. Likibanwa ni imara; likivutwa, nguvu zake ni kama sehemu ya kumi tu ya zile za kubanwa, na ndiyo sababu hutiwa nondo. Isitoshe, baada ya kufikia kilele cha uwezo wake halikakamai, bali hunyong'onyea: ufa huanza, na kadiri unavyofunguka mkazo hushuka hadi sifuri. Rashid aliieleza mwaka 1968 njia ya kuutandaza ufa ndani ya kipande kizima badala ya kuuchora kama mpasuko, na njia hiyo ikapendwa kwa wepesi wake. Lakini ilizua tatizo lisilotazamiwa. Ufa hujikusanya katika safu moja ya vipande. Vipande vikiwa vikubwa, zege linaloharibika ni jingi na kazi inayohitajika kulivunja ni kubwa. Vikiwa vidogo, zege hilo ni kidogo na kazi ni ndogo. Mtu akizidi kuupa wavu wake macho madogo, boriti ile ile huzidi kuwa dhaifu, mpaka huonekana kana kwamba inaweza kuvunjwa bila kazi yoyote. Kwa kawaida wavu wa macho madogo hutupa jibu bora. Hapa hutupa jibu baya zaidi, na kosa halimo katika wavu bali katika kauli.

Tiba ilitokana na kubadili kile kinachosemwa. Hillerborg na wenzake wa Sweden walieleza mwaka 1976 kwamba kilicho cha kudumu katika zege si mvutiko wa kuvunjika, bali ni kazi inayotumika kufungua kila milimita mraba ya ufa. Bažant na Oh, mwaka 1983, waliiingiza fikra hiyo katika ufa uliotandazwa: mteremko wa kunyong'onyea hurekebishwa kulingana na upana wa kipande, ili kazi ya jumla ibaki ile ile wavu uwe wa macho makubwa au madogo. Mpaka leo mtu anayefungua programu na kuandika mvutiko wa kuvunjika bila kuuliza upana wa kipande anarudia kosa ambalo lilikwisha kutibiwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Mpira nao una mambo yake. Hurudi hata ukivutwa mara kadhaa ya urefu wake, kwa hiyo ni wa unyumbufu, ila grafu yake ni ya kupinda tangu mwanzo. Unyumbufu na mstari mnyoofu si kitu kimoja, ingawa vitabu vya shule huvichanganya. Kauli zake zilitungwa na Mooney mwaka 1940, Rivlin mwaka 1948 na Ogden mwaka 1972. Zote hufaa pale zilipopimwa. Mtu akipima mpira kwa kuuvuta tu hadi nusu ya urefu wake, kisha akaitumia kauli hiyo kukokotoa mpira uliobanwa au uliovutwa mara tatu, mstari unaweza kuelekea popote, hata kuonyesha kwamba mpira unazidi kusukuma pale unapovutwa.

Yako pia mambo ya wakati na joto. Wazee wetu waliposema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wakizungumzia malezi, lakini mfano wenyewe ni sahihi kwa habari ya maada: samaki ni yule yule, na kauli ya ubichi wake haifai kwa ukavu wake. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Marekani cha kwenda angani, Challenger, kiliharibika muda mfupi baada ya kurushwa asubuhi ya baridi kali, na watu saba waliokuwamo walikufa. Pete za mpira zilizoziba kiungo cha roketi zilikuwa na kazi ya kurudi upesi ili kufunga mwanya; katika baridi zilirudi kwa kuchelewa. Mwanafizikia Richard Feynman alilionyesha jambo hilo mbele ya tume ya uchunguzi kwa kipande cha mpira kilichobanwa na bilauri ya maji ya barafu. Kauli inayosema mpira hurudi ilikuwa kweli. Iliyokosekana katika uamuzi wa siku ile ni sehemu ya kauli inayosema hurudi baada ya muda gani, na katika joto gani.

Programu za kufanya hesabu hizi zamani zilikuwa mali ya makampuni na maabara kubwa. MARC ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Abaqus mwaka 1978, na zote mbili zilitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya mambo yasiyofuata mstari mnyoofu. Siku hizi zipo pia za bure, kama CalculiX na ile ya Kifaransa, Code_Aster, ambazo mwanafunzi anaweza kuzitia katika kompyuta yake bila kumlipa mtu. Jambo hili ni jema sana, nasi hatulilaumu. Ila lina maana kwamba picha ya rangi nyekundu na buluu, ambayo zamani ilitolewa na watu wachache waliobobea, sasa inaweza kutolewa na yeyote, na mwenye jengo hana njia ya kujua kwa kuitazama kama nyuma ya rangi hizo kuna kauli ya chuma chake au ya chuma kingine.

Kwa sababu hiyo, kuna zoezi ambalo kila anayeanza kazi hii anapaswa kulifanya kabla ya kugusa umbo la daraja au la jengo. Achore mchemraba mmoja tu, wa kipande kimoja. Aupe kauli ya maada anayotaka kuitumia. Auvute polepole kupita kiwango cha kulegea, auachie, aubane, auvute tena, na kila mara achore mkazo dhidi ya mvutiko. Kisha auweke mchoro huo kando ya ule uliotoka maabara. Ikiwa ni zege, arudie kwa mchemraba wa nusu ya upana na alinganishe kazi iliyotumika kwa kila milimita mraba ya ufa. Zoezi hili halichukui hata saa moja, na makosa karibu yote tuliyoyataja, la eneo la awali, la sehemu inayorudi, la upana wa kipande, la kugeuza mzigo, huonekana humo waziwazi, kabla hayajafichwa na maelfu ya vipande vingine. Mwalimu anaweza kulifanya mbele ya wanafunzi wake na mbele ya fundi wa nondo kwa pamoja, na kuwauliza wote wawili swali moja kwa Kiswahili: nikiachia sasa, kitarudi chote, kitarudi kiasi, au hakitarudi?